Sura ya mtu kwa mti na nta

Mwaka 1906 Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinafuka moshi kusini mwa Tanzania ya leo. Misheni ya Masasi ilikuwa imeharibiwa mwaka uliotangulia. Ndipo Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho, alipopita Masasi na kupanda uwanda wa Makonde hadi Newala, wapagazi wakimbebea kamera na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta.

Nta nyingine, ya nyuki, ilikuwa tayari na kazi kubwa huko juu uwandani.

Zama hizo tajiri wa Ulaya aliyetaka sura yake ibaki aliketi mbele ya mchoraji, akapakwa turubaini kwa rangi za mafuta. Mmakonde alichonga lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani. Fundi alijificha mbali na macho ya wanawake na watoto, akachukua gogo la mti mwepesi na kulikomba ndani mpaka kichwa cha mtu kiingie. Kisha akaitafuta sura: paji la uso, mashavu, mdomo wa juu uliobeba ndonya. Chale alizijenga kwa vipande vya nta, zikainuka juu ya ngozi ya mti kama zinavyoinuka juu ya ngozi ya mtu. Nywele zilikuwa nywele za kweli, zimenyolewa kichwani mwa mtu na kugandishwa kwa nta.

Hakuna rangi ya mafuta iliyowahi kusogea karibu na mwili kiasi hicho.

Wala mapiko hayakuwa ya Wamakonde peke yao. Mwarabu mwenye ndevu alichongwa, Mhindi alichongwa, hata Mzungu mwenyewe. Kila mgeni aliyepita alikuwa akitazamwa.

Vinyago ambavyo Weule alikusanya vilikwenda Leipzig, na nyimbo alizonasa zikahifadhiwa Berlin. Sura mji mmoja, sauti mji mwingine! Lipiko bila ngoma, bila mchezaji aliyefunikwa nguo anayechungulia kupitia mdomo wake, ni nusu ya kazi ya fundi.

Lipiko moja liliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Mwaka uliofuata lilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na likarudishwa Tanzania mwaka 2010, baada ya madai ya miaka mingi.

Newala kwenyewe, mavuno yakishaingia ghalani na vijana wakitoka jandoni, ngoma za vinyago bado zinachezwa.