Mbele ya kulipia mutoto masomo ya urubani

Kuandikishwa kadeti wa ndeke si kupata leseni. Wazazi wa Butembo na Beni wajue hilo mbele ya kuuza shamba. Shule moja iliyo karibu ni ya Soroti, Uganda, iliyofunguliwa 1971. Kule wanafundisha kwa Kiingereza, na hapo ndipo watoto wetu waliosoma Kifaransa wanakwama. Lakini daktari wa anga ndiye wa kwanza kuona: macho, masikio, moyo. Asiyetofautisha rangi anaweza kukataliwa hata akiwa na diplome d'Etat nzuri.

Kanuni za kimataifa zinaomba miaka 18 kwa rubani wa kazi, na saa 200 za kuruka, ao 150 kwa shule iliyokubaliwa. Akirudi na leseni ya Uganda, arushe ndeke za Kongo, AAC ya Kinshasa inapaswa kuitambua.