Thibitisha, Bwana Naibu Spika

Kila anayefuatilia vikao vya Bunge analijua neno hili: thibitisha. Mbunge akisema kuna waziri amekula pesa za umma, upande wa pili mtu anaruka kwa miguu miwili, "Hoja ya nidhamu, Bwana Spika, mheshimiwa athibitishe." Na hapo mambo yanageuka. Aliyekuwa akiuliza sasa ndiye anayeulizwa. Kama hana karatasi mkononi, afute maneno yake na kuomba radhi, au afungashe atoke nje.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1975, ndani ya Bunge la Kenya, mtu mmoja aliyekalia kiti cha Spika alikataa mchezo huo. Aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Uamuzi wa sentensi moja tu. Ulimgharimu miaka mitatu kizuizini.

Lakini tusianzie hapo. Tuanzie na lugha, kwa sababu wapenzi wa fasihi tunapenda kusahau kwamba Bunge nalo ni mahali ambapo Kiswahili kiliwahi kujaribiwa kwa nguvu, ghafla, bila maandalizi. Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta alitangaza kwamba kuanzia sasa wabunge watajadili kwa Kiswahili. Si polepole, si baada ya kamati kukaa. Kuanzia sasa. Katiba ikarekebishwa kufuata kauli, na kwa karibu miaka mitano, hadi Kiingereza kiliporuhusiwa tena mwaka 1979, Kiswahili kikawa lugha ya mdomo ndani ya ukumbi ule wa Nairobi. Nasema lugha ya mdomo makusudi. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mafaili ya wizara yalikuwa kwa Kiingereza. Yaani mbunge alishika karatasi ya Kiingereza mkononi na kuijadili kwa Kiswahili.

Wengi wameicheka hali hiyo, na ni kweli ilikuwa na vichekesho vyake. Kuna wabunge ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu, wakanyamaza kabisa, na majimbo yao yakanyamaza pamoja nao. Hilo halikuwa jambo dogo. Ila mimi naona kicheko kimefunika kitu kingine.

Fikiria saa ya maswali inavyokwenda. Mbunge anaandika swali lake na kulipeleka kwa karani wa Bunge. Linapangwa kwenye orodha ya shughuli za siku. Likiitwa, waziri au msaidizi wake anasimama na kusema, "Bwana Spika, naomba kujibu," kisha anasoma. Anachosoma hakukiandika yeye. Kimeandikwa na watumishi wa wizara, kimepimwa kila neno, kimepigwa pasi hata hakina kunjo. Raha ya saa ya maswali inaanza pale mbunge anaposimama tena na swali la nyongeza. Hapo waziri hana karatasi. Jibu la kwanza ni la ofisi, jibu la pili ni la mtu.

Sasa ongeza Kiswahili. Kama jibu la ofisi limetayarishwa na watu wanaofanya kazi kwa Kiingereza, waziri anapaswa kulivusha mwenyewe, akiwa amesimama, huku wenzake wakimtazama. Ile misemo ya kiserikali ambayo kwa Kiingereza inateleza kama sabuni, kwa Kiswahili cha mwaka 1974 ilikuwa bado haijazaliwa. Leo tunayo tele: mchakato unaendelea, Serikali inatambua umuhimu, kadiri fedha zitakavyopatikana. Hebu jaribu kumkwepa mtu kwa lugha ambayo bado haijatengeneza maneno ya kukwepea. Utasema ndiyo au hapana, maji yapo au hayapo, mtu yuko au hayuko.

Na wauliza maswali wa Bunge lile hawakuwa watu wa mchezo. Chama cha upinzani, KPU, kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1969, kwa hiyo wote walikuwa KANU. Lakini upinzani haukufa kwa sababu ya amri. Ulihamia viti vya nyuma. Kulikuwa na Martin Shikuku wa Butere, mtu mwenye ulimi wa upanga. Kulikuwa na Jean-Marie Seroney wa Tinderet, mwanasheria, mpole wa sauti lakini mgumu kama mpingo. George Anyona na Chelagat Mutai waliingia kwa uchaguzi wa Oktoba 1974, Chelagat akiwa bado binti wa miaka ya ishirini. Serikali iliwaogopa kiasi kwamba Novemba mwaka huo, ilipoonekana Seroney atachaguliwa Naibu Spika, kikao cha Bunge kilifungwa kabla kura haijapigwa. Walipokutana tena Februari 1975, wakamchagua vilevile.

Halafu kulikuwa na JM.

Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alikuwa amekaa katika kambi za kizuizini za Waingereza wakati wa Mau Mau, na kitabu chake kuhusu miaka hiyo kilitoka mwaka 1963. Alikuwa tajiri, mpenda farasi na kamari, na bado maskini walimpenda, maana alisema hadharani kwamba uhuru umezaa matajiri wachache kwenye nchi ya ombaomba. Tarehe 2 Machi 1975 alionekana akitoka katika hoteli ya Hilton jijini Nairobi akiwa na mkuu wa kikosi cha GSU. Hakurudi nyumbani.

Wenzake bungeni walifanya kile mbunge anachoweza kufanya. Waliuliza. Mwenzetu yuko wapi? Swali la maneno matatu, halina istilahi hata moja. Na Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, aliyeshika pia wizara ya mambo ya ndani, akalieleza Bunge kwamba JM yuko Zambia.

Wakati huo mwili wa JM ulikuwa katika chumba cha maiti cha jiji, umeokotwa na mchungaji wa Kimaasai huko Ngong na kulazwa pale kama mtu asiyejulikana. Wake zake waliutambua tarehe 11 Machi.

Nyumbani kwetu wazee walilitumia neno Zambia kwa namna yake. Mtu akikopa pesa akapotea, baba yangu mdogo angesema, "Huyo ameenda Zambia." Sisi watoto tulicheka bila kujua tunachochekea. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na sikucheka tena.

Ninachotaka kusema ni hiki. Watu huona saa ya maswali kama kazi bure, kwa kuwa serikali haisemi ukweli. Sawa, mara nyingi haisemi. Lakini swali la bungeni halimlazimishi waziri aseme kweli, linamlazimisha aseme kitu. Aseme kwa kinywa chake, kwa tarehe, mbele ya mwandishi wa Hansadi. Laiti wabunge wale wangenyamaza, serikali ingenyamaza pia, na leo tungebaki na minong'ono tu. Waliuliza, wakapewa jibu, na maiti ikalipinga jibu hilo.

Na hapo Bunge likaacha kuuliza kwa adabu. Liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, kamati ikazunguka na kuhoji watu, ikarudi mwezi wa Juni na ripoti iliyowanyooshea vidole maofisa wakubwa wa polisi. Kabla haijawekwa mezani ilipelekwa Ikulu, na majina mawili ya watu wa karibu na Rais yakaondolewa. Hata hivyo serikali ilijaribu kulifanya Bunge liipokee tu ripoti bila kuikubali. Hoja hiyo ilishindwa kwa kura chache. Miongoni mwa waliopiga kura na viti vya nyuma ni Masinde Muliro, waziri kamili, pamoja na manaibu waziri John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walifutwa kazi. Huwa nafikiri juu ya Muliro. Mbunge wa nyuma akiuliza, anatimiza kazi yake. Waziri akigeuka na kukaa upande wa wanaouliza, amevua joho mwenyewe.

Sasa turudi Oktoba. Shikuku, akichangia hoja kuhusu heshima ya Bunge, akasema kuna watu wanataka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Akaruka mtu na neno lile lile: athibitishe! Athibitishe kwamba KANU imekufa. Ebu wazia kicheko kilichokuwa kikibanwa vifuani mwao. Chama kilikuwa hakifanyi mikutano wala uchaguzi wa maana kwa miaka, kila mtu ukumbini anajua, na aliyedai uthibitisho anajua kuliko wote. Kwenye kiti alikuwa Seroney. Ndipo akatoa uamuzi wake kuhusu jambo lililo wazi. Baadhi ya wakubwa wakainuka na kutoka.

Siku chache baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi waliingia katika viwanja vya Bunge na kuwachukua wote wawili. Hawakushtakiwa. Sheria ya usalama wa umma haikuhitaji shtaka, wala ushahidi, wala kesi. Yaani dola iliyodai uthibitisho wa kifo cha chama ilimfunga mtu miaka mitatu bila kuthibitisha lolote. Kenyatta aliwakumbusha wabunge waliobaki kwamba mwewe yuko angani, anaweza kushuka na kunyakua vifaranga wakati wowote. Mzee alijua kutumia Kiswahili, hilo hatumnyimi.

Msomaji wa mashairi atakuwa ameshamkumbuka Abdilatif Abdalla. Miaka saba kabla, mwaka 1968, aliandika karatasi yenye kichwa cha swali, "Kenya: Twendapi?", na akafungwa miaka mitatu. Sauti ya Dhiki ilizaliwa humo gerezani. Tofauti ni kwamba Abdilatif aliuliza akiwa nje, raia kijana asiye na kinga. Shikuku na Seroney waliuliza wakiwa ndani, mahali pekee nchini ambapo sheria ilisema mtu hataadhibiwa kwa maneno yake. Walipochukuliwa, kila mbunge aliuona mpaka wa kinga hiyo kwa macho.

Anyona hakujifunza, na nasema hivyo kwa heshima. Mei 1977 alisimama bungeni na maswali juu ya zabuni ya mabehewa ya reli, na safari hii alikuwa na nyaraka. Karatasi zenyewe. Mtu aliyetimiza kila sharti la neno thibitisha. Alikamatwa hapo hapo Bungeni na kuwekwa kizuizini. Basi tunajua kwamba tatizo halikuwa uthibitisho.

Mwishoni mwa mwaka huo huo akachukuliwa Ngũgĩ wa Thiong'o, baada ya tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ. Riwaya yake ya Petals of Blood ilikuwa imetoka miezi kadhaa kabla, na wasomaji wengi wamemwona JM katika yule mwanasheria mbunge anayeuawa. Kwa hiyo mwaka 1978 vizuizi vya Kenya vilikuwa na mwandishi wa riwaya, Naibu Spika na wauliza maswali wawili. Walitolewa pamoja Desemba 1978, Kenyatta akiwa ameshafariki.

Mara nyingi nasikia Kiswahili cha Bunge la sabini kikisimuliwa kama jaribio lililoshindwa. Labda. Lakini sijui kipindi kingine ambacho Bunge la Kenya liliuliza maswali mazito kuliko hayo. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyowapa ujasiri, maana Seroney angekuwa Seroney kwa lugha yoyote. Nadai tu kwamba kwa lugha ile, muuza mboga aliyesomewa gazeti la Taifa Leo hakuhitaji mtu wa kumfafanulia swali lilikuwa nini.

Baadaye kiti cha kujibia chenyewe kilitoweka. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, na baada ya uchaguzi wa 2013 wabunge wakawa wanawahoji kwenye vyumba vya kamati. Kanuni zikabadilishwa, na tangu 2023 mawaziri wanasimama tena mbele ya Bunge zima. Mmoja akijibu kwa Kiswahili, ukumbi unachangamka kama darasa lililopata mgeni.

Seroney hakuchaguliwa tena, na alifariki mwaka 1982. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo cha JM. Shikuku alishinda kiti chake cha Butere katika uchaguzi wa 1979. Alipoapishwa, Kiingereza kilikuwa kimesharudi ukumbini, na aliyelijibu Bunge kuhusu Zambia alikuwa Rais.