Jembe Ndilo Lililoshika Mwendo

Wapenzi wa muziki wa roki wanapenda sana kuhesabu. Roki ya kawaida, watakuambia, inatembea kwenye mapigo 110 hadi 140 kwa dakika. Panki inapita 160 bila kuhema. Ile metali nzito ya kujikokota iko chini ya 80. Sawa. Mimi nataka kujua ni nani aliyeamua mwendo huo.

Usukumani jibu lilikuwa mkononi. Katika bugobogobo, ngoma ya kulima, pigo ni jembe. Watu wanajipanga mstari, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Ngoma haiwezi kukimbia kuliko mkono unavyoinua chuma, wala kuzubaa mpaka jembe lining'inie hewani. Inaanza kwa utulivu, inakolea kidogo kidogo, kisha yanakuja madoido: majembe yanarushwa, yanazungushwa, yanadakwa. Watazamaji wanaona mbwembwe. Mimi naona pumzi ikirudi.

Halafu pamba ikapanua mashamba, Shinyanga mpaka Geita. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, kwa juhudi za Paul Bomani na wenzake. Shamba kubwa linataka mikono mingi, na kikundi cha ngoma kiliitwa kulima kwa ujira. Hapo mwendo ukawa na bei! Mwenye shamba angependa ngoma ikimbie, mgongo wa mkulima ungependa ipumue. Ila aliyeongoza wimbo, ningi kwa Kisukuma, alikuwa mtu wa kikundi, si wa mwenye shamba.

Kiwandani hapakuwa na ningi. Mwaka 1965, mjini Birmingham, mashine ya kukata bati ilimkata Tony Iommi ncha za vidole viwili. Baadaye alilegeza nyuzi za gitaa ili vidole vivumilie, na uzito wa Black Sabbath ukazidi. Metali ya kujikokota imetoka humo. Si ajabu inasikika kama mtu aliyechoka.

Siku hizi maksai na trekta wanalima, na kwenye machimbo ya Geita karasha linasaga mawe bila kumsubiri mwimbaji. Bugobogobo imehamia harusini na jukwaani, na huko, bwana, inakwenda mbio kweli. Wape wachezaji wale majembe mazito na udongo mweusi wa mbuga ya Shinyanga, tuone kama watamaliza dakika 3.