Asili ya "Kupiga Kura" na Utetezi wa "Kuchagula"

Mwanafunzi wa Bukavu akiandika katika insha kwamba watu "walienda kuchagula", mara nyingi kalamu nyekundu humngojea: ataambiwa aandike "walikwenda kupiga kura". Makala haya yanadai kwamba kalamu hiyo ina haraka mno.

Tuanze na kitenzi ambatani kinachosifiwa. "Kura" latokana na neno la Kiarabu qur'a, yaani kitu kinachotupwa au kuokotwa ili jambo liamuliwe kwa bahati. Mzizi wake una maana ya kugonga, kubisha. Basi Mswahili alipoliunganisha na "piga", alirudia pigo lililokwisha kuwamo ndani ya nomino. Tena "piga" hii ni ndugu wa ile ya "piga ramli" na "piga bao": mtu hatoi uamuzi, anauomba. Wasomaji wa Biblia waijua maana hiyo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 1, Mathiya anapewa nafasi ya Yuda kwa kura, na anayechagua pale ni Mungu, si mitume.

Sanduku la uchaguzi lilipokuja, kitendo kiligeuka, neno likabaki. Kiarabu nacho kilipita njia hiyohiyo, kwani iqtira', upigaji kura wa leo, ni la mzizi uleule. Kwa Wazungu, "ballot" ya Kiingereza ilikuwa kijitufe cha Kiitaliano, na "vote" ya Kifaransa ni nadhiri ya Kilatini.

"Chagula" haina historia ya bahati nasibu. Kiswahili cha pwani kilidondosha l baina ya irabu, kikapata "chagua". Lakini l hiyo yajitokeza katika "chaguliwa" na "chagulia", na z ya "uchaguzi" ni l ileile iliyogeuzwa na irabu i. Iwe watu wa Bukavu wamelihifadhi umbo la kale, au wamelirudisha kwa mfano wa "chaguliwa", hawakukosea kanuni ya lugha.

Wala si suala la sarufi tu. Wakongo walichagua Bunge Mei 1960. Baada ya uchaguzi wa 1965, ule wa vyama vingi uliofuata ulikuwa wa tarehe 30 Julai 2006. Aliyengoja miaka 41 hakwenda kuuliza bahati. (Desemba 2018 alibonyeza kioo cha mashine kwa kidole, na labda hapo "piga" ilipata haki yake.)

Mwalimu na aandike maumbo yote mawili pembeni ya daftari, aeleze lipi latoka wapi, na asikate alama.