Mtambaa panya wa Pretoria

Kuna bao ambalo mashabiki wa Yanga wanalihesabu hadi leo, ingawa halimo kwenye kumbukumbu yoyote. Usiku wa Aprili 5, 2024, kwenye uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria, Stephane Aziz Ki aliachia shuti kutoka nje ya kumi na nane. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Wenzake wakanyoosha mikono juu. Chumba cha VAR, waamuzi wasaidizi wa video, kikapitia picha, mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakuitwa kwenye skrini, mchezo ukaendelea. Ikaisha 0-0 kama ilivyokuwa kwenye mechi ya kwanza Dar es Salaam, na Mamelodi Sundowns wakaingia nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa penalti 3-2.

Makambako, njia panda ya mkoani Njombe ambako magari ya Songea huachana na ya Mbeya, wengi wameijua VAR kupitia kibanda umiza. Refa akichora mraba hewani, kelele hukatika ghafla, watu wakabaki wamejikunyata ndani ya makoti yao kusubiri hukumu.

Mpira wa nyumbani wameuzoea kwa namna nyingine. Mwaka 2017 Njombe Mji walipanda Ligi Kuu pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United. Septemba 10 mwaka huo Yanga walikwea hadi uwanja wa Sabasaba, Njombe, wakaondoka na ushindi wa 1-0 kwa bao la Ibrahim Ajibu. Kuotea, penalti, mpira kuvuka mstari: yote yalikuwa juu ya macho ya mwamuzi wa kati na washika vibendera wawili. Msimu ulipokwisha, Njombe Mji walishuka daraja pamoja na Majimaji ya Songea.

Msimu huohuo dunia ilikuwa inabadilika. Machi 2018, IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, kiliiingiza VAR rasmi kwenye sheria, ikihusu mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Juni 16, kule Urusi, Ufaransa ikapata dhidi ya Australia penalti ya kwanza ya Kombe la Dunia iliyotolewa kwa msaada wa video. Antoine Griezmann akaifunga.

Tanzania ilikuwa na sababu zake za kuitamani. Oktoba 1, 2016, Amissi Tambwe wa Yanga aliwafunga watani wao Simba baada ya mpira kumgusa mkononi. Nahodha wa Simba, Jonas Mkude, akalalamika hadi akapewa kadi nyekundu, na viti vya Uwanja wa Taifa vikang'olewa. Shiza Kichuya alisawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja, 1-1.

Lakini dawa ya shuti kama la Aziz Ki ni nyingine. Juni 27, 2010, nchi ileile ya Afrika Kusini, mjini Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza aligonga mwamba dhidi ya Ujerumani, mpira ukadunda ndani kabisa ya goli, na mwamuzi Jorge Larrionda hakuliona bao. Aibu ile iliharakisha teknolojia ya mstari wa goli, ambayo Kombe la Dunia la 2014 liliitumia: mpira ukivuka wote, saa ya mkononi ya refa hutoa ishara. Usiku ule Pretoria, teknolojia hiyo haikuwepo. VAR ilitegemea kamera za matangazo, na kamera isiyokaa sawasawa na mstari hudanganya jicho.

Picha ile bado inazunguka kwenye simu. Mtu huikuza kwa vidole viwili, akatafuta ukanda mwembamba wa nyasi kati ya mpira na chokaa. Wa Yanga anauona. Wa Simba, akishika simu ileile, anaona chokaa tu.