Mtaa wa Kale Ulikokulia Ushirika

Ndugu wanachama, tunapoadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, yafaa tukumbuke sheria zetu zilikotoka. Mwenye shamba kubwa hupiga kura moja, na mwenye shamba dogo vivyo hivyo. Desturi hiyo ilipata nguvu katika mtaa mmoja wa kale uitwao Toad Lane, katika mji wa Rochdale, kaskazini ya Uingereza.

Toad maana yake ni chura. Lakini yasemekana kwamba jina hilo latokana na maneno "njia ya kale" yalivyotamkwa kwa lafudhi ya wenyeji. Ni mtaa uliotandazwa mawe, na karibu yake lipo kanisa la Mtakatifu Maria, lililojengwa upya kati ya 1909 na 1911.

Zamani hizo wenyeji wengi walikuwa wafumaji wa nguo. Ujira wao ulikuwa haba, na wengi walidaiwa na wenye maduka. Mwenye deni hachagui duka: alipewa unga uliochanganywa na takataka, akapunjwa katika mizani, naye akanyamaza.

Ndipo watu 28 walipochanga peni mbili kila juma, hata wakapata paundi 28. Wakapanga chumba cha chini cha ghala la matofali, nyumba namba 31, kwa kodi ya paundi 10 kwa mwaka. Usiku wa tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka lenye siagi, sukari, unga na mishumaa. Samuel Ashworth aliuza, na William Cooper akapokea fedha. Vijana wa mtaani waliwacheka. Masharti yao yalikuwa machache: bidhaa safi, kipimo kamili, fedha taslimu, na faida kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama.

Mwaka 1849 benki ya akiba ya mji ilianguka kwa sababu ya wizi wa mtunza hesabu wake. Wanachama wa duka, waliokuwa 140 mwaka 1848, wakafika 390. Nyumba ilikuwa ile ile ya kupanga. Watu walifuata uaminifu. Baadaye walitwaa ghorofa za juu, wakaweka maktaba, wakatenga asilimia mbili na nusu ya faida kwa ajili ya elimu.

Mwaka 1867 walihamia jengo kubwa katika mtaa ule ule. Nyumba ya kwanza ikatumiwa na wengine, kisha wanaushirika wakainunua, na mwaka 1931 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tanganyika ilipata sheria yake ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu, K.N.C.U.

Katika mkutano mkuu ujao tutajadili kujenga ofisi ya ghorofa. Mimi siipingi. Lakini katika mwaka wetu wa tatu mizani ya ghala letu moja ilionekana inapunguza ratili, na msimu ule wanachama wengi waliuza mazao yao kwa wachuuzi. Iliwarudisha mizani iliyotengenezwa na kupimwa mbele ya macho yao. Basi tujenge, ila jiwe la kwanza la msingi na liwe mizani ya haki.