Kichwa cha Utafiti Kabla ya Kufungua Sanduku

Vijana wetu wa Maskati, Dubai na London wanaotaka kuandika habari za wazee wao huniletea, karibu wote, kichwa kimoja: "Mchango wa Waarabu wa Oman katika Maendeleo ya Afrika ya Mashariki". Ubaya wake si urefu tu. Ubaya umo katika neno "mchango", lililokwisha kutoa hukumu kabla mwandishi hajafungua hata sanduku moja. Akikuta humo hati ya kuuziana watumwa, ataiweka wapi? Ataikunja airudishe, na utafiti umekwisha hapo. Anayeanza na "Uonevu wa Waarabu" naye ana maradhi hayo hayo.

Mada ya kufaa huwa ndogo, ina mahali, ina miaka, na ina nyaraka za kuijibu. Tuchukue karafuu. "Historia ya Karafuu Zanzibar" ni bahari, mtu huzama. Lakini Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu ukipandwa leo hauzai mpaka ipite miaka kadhaa. Basi ni nani waliokimbilia mashamba ya Pemba, kwa fedha za nani, na kwa mikono ya nani? Hapo kichwa kinajiandika: "Mashamba, Madeni na Watumwa Kisiwani Pemba, 1872–1897". Mwaka wa mwisho haukuokotwa. Ndio wa amri ya Sayyid Hamoud ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Na nyaraka zipo: zile hati za bei ya khiyari, ambazo mwenye shamba aliliuza huku akibaki na haki ya kulikomboa akirudisha fedha. Nyingi bado zimo majumbani mwetu, na watu hudhani ni za kuuza moja kwa moja.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Niliita kazi yangu "Nasaba ya Ukoo Wetu", na nasaba, kama mnavyojua, hufuata baba. Kurasa arubaini, na bibi yangu mzaa baba hayumo! Nikabadilisha: "Nyumba Yetu ya Wete na Waliokaa Humo". Akaingia bibi, akaingia na mama aliyemnyonyesha, ambaye katika karatasi za nyumba hana jina la baba, ana jina la bwana wake. Binamu zangu wawili wameniomba nirudie kichwa cha kwanza. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba ana mabinti wa kuozesha.

Sijakirudia. Yupo mzee wetu mmoja Barka aliyemdiriki mama yule, akabebwa naye mgongoni. Macho hayaoni tena, ila majina anayakumbuka. Ijumaa baada ya sala nakwenda kwake, na swali la kwanza nitakalomuuliza ni yule mama alizaliwa wapi.